Paa Kabla ya Mvua

Jumapili, 27 Agosti 2023

Daftari hili ni la vipimo vya wateja wangu. Lilinusurika kwa sababu Jumamosi ya moto nililisahau nyumbani. Kurasa za mwanzo zimejaa viuno na mabega ya watu wa Msangile. Kuanzia hapa nitaandika mengine, maana tangu siku ile situlii. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama sijui niende wapi.

Moto ulianza saa nne asubuhi nyuma ya fremu za soko. Adhuhuri inaadhiniwa, katikati ya mji palikuwa pamekwisha: soko, stendi, fremu zetu zote, nusu ya msikiti wa Ijumaa, na Kanisa Kuu lililojengwa kabla babu yangu hajaoa. Upepo wa Agosti wa huku kwetu ulibeba bati zikiwaka kama karatasi. Tulirusha ndoo za maji mpaka kisima kikatoa tope. Dodoma ni mbali. Zimamoto walipofika tulikuwa tumekaa barabarani, hatuna hata nguvu ya kuwapokea.

Hakufa mtu. Kila anayekuja kutupa pole tunamwambia hilo kwanza.

Wanasema ni cheche za Wambura, fundi wa kuchomelea mageti, aliyehamia hapa kutoka Musoma miaka minne iliyopita. Alasiri ile ile walimvuta kutoka nyumbani kwake, wakampiga, na mtu mmoja akamkanyaga mkono wa kulia kwa kisigino mara kadhaa. Polisi walimnyang'anya mikononi mwa watu, wakaondoka naye. Yuko mahabusu.

Huenda ni cheche zake. Asubuhi ile alikuwa akichomelea geti, nilisikia mashine yake ikilia.

Jumanne, 29 Agosti

Upepo. Majivu yanaingia mpaka kwenye unga wa ugali.

Ijumaa, 1 Septemba

Baada ya swala tulikutana kwenye kiwanja cha shule, Waislamu na Wakristo, kuchagua kamati ya kujenga upya. Watu walikuwa na hasira. Wengine walisema soko kwanza, kanisa halilishi mtu. Wengine wakasema nyumba ya Mungu kwanza. Kaka yangu Hamza akasimama. Duka lake la vifaa limeungua lote, hana kitu. Akasema, "Mimi nimesali Ijumaa miaka hamsini huku nikisikia kengele ya kanisa Jumapili. Nikijengewa msikiti na kengele isilie, mnadhani nitakuwa nimerudi nyumbani? Tujenge vyote, kwa mikono ile ile."

Mzee mmoja wa kanisani alilia waziwazi. Hamza akachaguliwa mwenyekiti, hakuna aliyepinga. Mimi nikachaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko wangu.

Nilimtazama kaka akishikana mikono na watu, nikajisikia fahari. Halafu nikaondoka kabla hajanifikia.

Jumamosi, 9 Septemba

Fundi mkuu aliyetumwa kutoka Dodoma amekagua kuta za Kanisa Kuu. Mawe yamesimama, lakini yamejengwa kwa udongo, chokaa ni ya juu juu tu. Miaka yote hii paa ndilo lililokuwa likizilinda. "Mvua kubwa mbili zikiingia kwa juu," alisema, "ukuta utateremka kama uji."

Na redioni wanatangaza El Nino. Wanasema mwaka huu mvua zitawahi na zitakuwa nyingi.

Mchungaji Paulina, ndiye mkuu wa Kanisa Kuu, ana sauti ndogo kuliko mwili wake. Aliuliza tuna muda gani. Fundi akasema mpaka katikati ya Novemba, kama Mungu akitupenda.

Jumatano, 13 Septemba

Tumebeba kifusi kutwa nzima. Mgongo.

Jumapili, 17 Septemba

Niandike, nisiandike? Daftari ni langu.

Asubuhi ya moto nilikuwa nashona sare za shule. Dirisha langu la nyuma lilitazama uani, nyuma ya duka la Hamza. Alikuwa akichoma maboksi na mifuko kwenye nusu pipa. Nikamwambia, "Kaka, na upepo huu?" Akajibu, "Nipo hapa hapa, mdogo wangu." Mteja akamwita dukani, akaenda. Hakurudi. Mimi nilikuwa na sare kumi na mbili za kumaliza, nikainamia cherehani. Nilipoinua kichwa, turubai la duka la jirani lilikuwa linawaka.

Siku ya tatu baada ya moto nilimwona kaka akilibingirisha lile pipa mpaka kwenye korongo, akalisukumia chini.

Basi. Nimeandika. Mkono haukukatika.

Jumatatu, 18 Septemba

Lakini cheche za kuchomelea nazo zinaruka mbali. Nimeuliza mafundi wawili. Wote wamesema zinaruka.

Alhamisi, 28 Septemba

Kenchi za paa zitakuwa za chuma, maana mbao ndefu kama zile za zamani hazipatikani tena. Mafundi wa kuchomelea wametoka Ipagala, Dodoma, na mashine zao. Watu wanawabebea maji na kuwapisha njiani kama maharusi. Nilikuwa nikitazama cheche zinavyomwagika kutoka juu. Zilikuwa zinazimika kabla ya kufika chini.

Mke wa Wambura, Zipora, ambaye wengi tunamwita Mama Rhobi, amefungua meza ya uji na chapati nje ya uzio wa kanisa. Hakuna anayenunua isipokuwa Mchungaji Paulina. Mchungaji anakunywa vikombe vitatu, amesimama, mbele ya watu wote. Leo mwanamke mmoja alipita akatema mate karibu na jiko la Zipora. Zipora alichukua majivu kidogo, akayamwagia yale mate, akaendelea kukanda unga.

Jumanne, 3 Oktoba

Kenchi ya kwanza imepanda. Watu walishangilia hadi sauti zikawakauka. Hamza alibebwa juu juu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Zipora alinifuata kisimani. "Shikamoo, dada Naima."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Naomba msaada wako. Wewe ni katibu, una mwandiko mzuri. Naomba uniandikie barua kwa wakubwa, kuhusu Baba Rhobi. Ya kwangu naona kama hawaisomi."

Ningesema sina nafasi. Nikasema njoo.

Tulikaa barazani kwetu. Alikuwa amevaa gauni safi, nadhani alilivaa kwa ajili ya barua. Akawa anasema, mimi naandika. "Mume wangu siku ile alichomelea geti la zahanati. Alimaliza saa tatu. Akafunga mashine akaja nyumbani kunywa chai. Moto ulipoanza alikuwa kwenye kigoda changu, ana kikombe mkononi."

Nikasimamisha kalamu. "Saa tatu? Mbona nilisikia mashine?"

"Uliisikia saa ngapi, dada?"

Nikafikiri. Niliisikia nikifungua fremu. Nilikuwa bado sijapanga vitambaa.

"Andika pia," akasema, "kwamba mkono wake umeunga vibaya. Vidole viwili havikunji. Andika hakuwasha moto."

Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: *Mume wangu hakuwasha moto.* Akaomba nimsomee. Nikamsomea. Akasema, "Sasa inasikika kama kweli." Akanishukuru mpaka nikaona aibu ya kumtazama.

Alipoondoka niliosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nilimfuata Hamza shambani, ili wifi Mwanaidi, mkewe tunayeishi naye, asisikie. Alikuwa anasafisha shamba la mtama. Nikasema, "Kaka, lile pipa uliloliangusha korongoni, nililiona."

Jembe halikusimama mara moja. Alilima hatua mbili, tatu, ndipo akaliegemea. Nilidhani atanifokea. Akakaa chini, palepale kwenye udongo.

"Nilijua umeona," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie."

"Na Wambura?"

"Usilitaje jina hilo kana kwamba silijui. Naamka nalo." Akafuta uso kwa kiganja chenye udongo. "Naima, nisikilize. Nikisema leo, kesho kamati imevunjika. Watasema Waislamu walichoma kanisa. Wapo wanaolisubiri neno hilo tu. Mafundi watarudi Ipagala, mvua itanyesha, ukuta utaanguka. Tumalize paa. Siku bati la mwisho linapigwa, mimi mwenyewe nitakwenda polisi kwa miguu yangu. Wallahi."

"Na yeye akae mahabusu mpaka bati la mwisho?"

"Ni wiki sita."

Nilisema nini? Nilisema sawa. Niandike hivyo hivyo, bila kupamba: nilisema sawa.

Jumanne, 10 Oktoba

Kenchi ya tatu.

Jumamosi, 14 Oktoba

Kenchi ya nne. Upepo umetulia, joto limekuja. Najikuta nahesabu kenchi njiani, jikoni, hata kwenye rakaa.

Jumatano, 18 Oktoba

Kaka amekonda. Anaingia kazini kabla ya wote, anabeba mawe na umri wake huo, anampa kila mtu pole. Ametoa gunia la mtama la mwisho la nyumbani likapikiwe mafundi. Watu wanamsifu. Mimi ninayejua nami namsifu, halafu namchukia, halafu namhurumia, yote kabla ya chai ya saa nne.

Nimeanza kununua chapati kwa Zipora. Nanunua nyingi kuliko ninazoweza kula. Ananipa ya nyongeza, anasema, "Wewe ndiye wa pili baada ya Mchungaji."

Alhamisi, 26 Oktoba

Bati zimekwama njiani. Mafundi wamekaa kivulini siku ya tatu. Hamza amesema wiki mbili zaidi.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mawingu upande wa milima ya Kondoa. Yalisimama mpaka alasiri, yakatawanyika.

Jumamosi, 4 Novemba

Bati zimefika. Nusu ya kwanza ya paa imeanza kufungwa. Nikamwuliza Hamza, "Bado lini?"

"Wiki mbili."

"Ulisema wiki mbili wiki iliyopita."

"Na mnara je, Naima? Paa bila mnara halijaisha."

Mnara hakuutaja shambani siku ile. Alisema paa. Nilimtazama usoni, na nilichokiona si uongo. Anaamini kabisa. Baada ya mnara atakumbuka paa la msikiti, na baada ya msikiti soko. Kila kitu atakachokijenga kitakuwa sababu nzuri.

Na mimi nitaendelea kununua chapati.

Ijumaa, 10 Novemba

Zipora hakuwepo mezani. Nikaenda kwake. Alikuwa amerudi kutoka kumwona mumewe. Alikuwa amekaa mlangoni bila kufanya kitu, na sijawahi kumwona bila kufanya kitu.

"Ameniambia niwachukue watoto niende kwetu Musoma," akasema. "Amesema nimwache, nisimsubiri. Ameniambia labda kweli ni yeye. Labda cheche ilikaa mahali, hakuiona. Dada Naima, mtu ameambiwa uongo mpaka ameuamini mwenyewe."

Nikamwambia. Nilisimama, maana sikustahili kukaa kwenye kigoda chake. Nilimwambia pipa, maboksi, upepo, korongo. Nilimwambia na ile barua, kwamba nilipokuwa naiandika nilikuwa najua.

Kuku alipita katikati yetu.

"Tangu Agosti," akasema.

"Tangu Agosti."

"Ulinisomea barua kwa sauti."

"Ndiyo."

"Toka kwangu."

Nilipofika barabarani akaniita. Nikageuka, nikadhani ataniambia neno. Akasema, "Kesho saa mbili nipo kituoni. Usipokuja, nitakufuata mpaka kazini, niseme mbele yao wote."

Jumamosi, 11 Novemba

Kabla ya kwenda nilipita kwa Mchungaji Paulina. Alisikiliza akiwa ameshika nguzo ya jukwaa la mafundi. Akauliza, "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungenijibu nini, Mchungaji? Ungesema twende leo, au ungesema tumalize paa?"

Alitazama juu, kule ambako nusu ya kanisa lake ilikuwa na bati na nusu mbingu. "Sijui," akasema. "Mungu anisamehe, sijui." Akavua kofia ya ujenzi, tukaenda pamoja.

Hamza nilikuwa nimemwambia alfajiri, mbele ya Mwanaidi. Hakunizuia. Alisema tu, "Zimebaki kenchi tatu," akaingia chumbani akafunga mlango. Wifi alinitazama kama mtu anayetafuta jina la kitu. "Huyu ndiye aliyekulea," akasema. Kweli. Mama alikufa nikiwa na miaka saba. Hamza ndiye aliyenifundisha kuandika.

Kituoni Zipora alikuwa tayari amefika. Nilitoa maelezo, nikayasoma, nikatia sahihi. Polisi walipokwenda kumchukua, kaka alikuwa amevaa kanzu na viatu, amekaa barazani. Alikiri yote kabla hawajamaliza swali la kwanza. Akawaonyesha na korongo.

Jumapili, 12 Novemba

Yote aliyoyasema Hamza yametokea. Hakuna aliyepanda juu ya paa leo. Nje ya kanisa watu walitukanana; mtu alisema Waislamu, mtu akajibu, mawe yakarushwa, dirisha letu limevunjika. Waliompiga Wambura ndio wanaopiga kelele zaidi kutaka haki. Nimewaona, nawajua mmoja mmoja. Yule wa kisigino ameniita msaliti wa ndugu.

Mafundi wa Ipagala wamefunga mashine zao.

Jumanne, 14 Novemba

Mvua.

Ilianza saa tisa mchana, matone makubwa, vumbi likaruka kama limepigwa. Nilikuwa ndani, nimejifungia na Mwanaidi asiyesema nami. Nikasikia kengele. Kengele ya Kanisa Kuu haina mnara, imefungwa kwenye mwembe wa shule, na Mchungaji Paulina alikuwa akiipiga kwa nyundo.

Nikatoka. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Nilipofika kona ya soko nikaona watu wanakimbia, na turubai, na kamba, na mikeka, mashuka. Imamu alikuwa amebeba zulia la plastiki la msikiti begani. Hakuna aliyekuwa na hotuba. Ukuta wa mashariki, upande wa madhabahu, ndio uliokuwa wazi, na maji yalikuwa yanashuka juu yake yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mafundi walipanda majukwaa peku. Sisi tulishika kamba chini. Upepo ulikuwa unalivuta turubai na kutunyanyua kidogo, tunashuka, tunanyanyuka tena. Mtu aliyekuwa mbele yangu kwenye kamba aligeuka, akanitambua. Ni yule wa kisigino. Akasema, "Vuta." Nikavuta.

Kipande cha kona, hatua sita hivi, kiliteremka mbele ya macho yetu. Hakikutoa kishindo. Mchungaji Paulina alikaa kwenye tope. Sehemu nyingine zote zilisimama.

Viganja vyangu vimechubuka, naandika kwa shida.

Alhamisi, 16 Novemba

Mafundi wamefungua mashine. Hakuna mwenyekiti. Kazi inaendelea bila mwenyekiti.

Ijumaa, 24 Novemba

Wambura ameachiwa. Nilimwona kwa mbali akishuka kwenye gari, Zipora amembebea mfuko. Watu walisimama milangoni. Alipita mbele ya mabaki ya banda lake la kuchomelea, hakugeuza kichwa.

Jumatano, 29 Novemba

Mchungaji alikwenda kumwomba msamaha kwa niaba ya mji, na kumwambia kazi ya kenchi za mwisho ni yake akiitaka. Ameniambia Wambura alimnyooshea mkono wa kulia, akamwonyesha vidole. Akamwambia, "Mji ulioniomba msamaha una watu wengi, Mchungaji. Nimeona umekuja peke yako."

Jumapili, 3 Desemba

Bati la mwisho limepigwa. Hakuna aliyeshangilia sana. Mnara bado. Kona ya mashariki imezibwa kwa mabati mpaka kiangazi.

Mimi sikuona. Nilikuwa barabarani kumpelekea Hamza chakula mahabusu. Mara mbili zilizopita alikirudisha. Leo alikipokea. Akauliza habari za mvua, akauliza habari za Mwanaidi. Hakuuliza habari za paa, nami nikaona haifai kumwambia.

Alhamisi, 14 Desemba

Mahakamani. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara mbovu, tulifika tumelowa wote, kila mtu kwa njia yake. Mimi na Mwanaidi tulipanda gari moja bila kusemeshana.

Kwenye ukumbi mwembamba wa nje walimleta Hamza, na wakati huo huo Wambura, aliyeitwa kutoa ushahidi, alikuwa anakuja kutoka upande wa pili na Zipora. Hapakuwa na pa kupishana. Wakasimama uso kwa uso. Hamza ana miaka hamsini na tano. Wambura hajafika thelathini na tano. Miaka yote minne Wambura akipita dukani kwa kaka alikuwa akiinama kidogo kumwamkia, na kaka akiitikia huku anaendelea na shughuli zake.

Leo Hamza ndiye aliyeinamisha kichwa. Akasema, kwa sauti ya kusikika, "Shikamoo."

Askari aliyemshika alishtuka. Mwanaidi alinishika mkono, nadhani bila kujua ni wangu.

Wambura alimtazama. "Mzee Hamza," akasema, "mimi ni mdogo kwako."

"Najua."

"Siwezi kuiitikia hiyo."

"Najua. Nakuamkia hata usipoiitikia."

Wambura hakuitikia. Aliweka ule mkono wake kwenye fremu ya mlango, vidole viwili vimenyooka, akaingia ndani. Hamza akapelekwa nyuma yake.

Tulibaki wanawake watatu. Benchi lilikuwa moja tu, na maji yalikuwa yanadondoka upande mmoja kutoka darini. Mwanaidi akakaa. Mimi nikabaki nimesimama, sikujua kama Zipora atataka kukaa benchi moja nami. Alikamua upindo wa khanga yake, akatazama pale panapovuja, akakaa, akasogea mpaka akagusana na Mwanaidi. Kisha akapiga benchi kwa kiganja, mara moja, bila kunitazama.

Nikakaa. Mvua ilikuwa nyingi kiasi kwamba hata tungesema tusingesikiana. Karani alipotoka na kuita kesi ya Hamza Mrisho, tulisimama sote watatu.